Vitambaa Vitano Vyekundu

Fundi aliyeshusha injini ya lori langu alikuwa na vitambaa vitano vya kufutia mikono, vyote vyekundu, vilivyokatwa kutoka shuka moja kuukuu. Asubuhi akifika kwangu Daraja Mbili alivitandaza juu ya boksi la spana akavihesabu kwa sauti: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Jioni kabla ya kunawa alivihesabu tena. Na kabla ya kufunga sehemu yoyote ya injini, hata mfuniko mdogo kiasi gani, alisimamisha kazi akavihesabu upya. Siku ya kwanza nilimfuata mke wangu jikoni nikamwambia, "Umeniletea fundi wa kuhesabu matambara."

"Heri yeye anayehesabu matambara," akanijibu. "Wewe unahesabu makosa ya watu."

Alinipata. Mimi nina hasira za karibu, na mafundi siwaamini hata kidogo. Mali yangu yote ilikuwa lile lori la tani saba, mkweche wa kubebea vitunguu na mahindi kutoka Nduruma kuja mjini. Lilipoanza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu, kila mtu aliniambia injini ishushwe, ifunguliwe yote, ibadilishwe ringi na beringi. Nikasema sawa, lakini gereji siendi. Nilishasikia mengi: unapeleka kitu chako kizima, unarudishiwa cha mwenzako kilichochakaa. Nikaamua kazi ifanyikie uani kwangu, nami nikae kwenye kigoda niisimamie tangu nati ya kwanza hadi ya mwisho. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Ukimwita fundi nyumbani unakaa naye, unamtolea chai na unamchunga kwa jicho moja.

Mzee mwenyewe alikuwa Mrangi wa Kondoa, mkazi wa Kaloleni tangu ujana wake, mwembamba, mpole, mwenye kofia nyeupe aliyokuwa akiivua asubuhi na kuitundika kwenye kioo cha pembeni cha lori. Mke wangu ndiye aliyempata, kwa kuwa mke wa mzee alikuwa mteja wake wa maziwa. Watu walisema hajawahi kurudishiwa kazi. Yaani akifunga injini, imefungwa.

Tulisimamisha miti mitatu mirefu ya mkaratusi, tukaifunga vichwa pamoja, tukaning'iniza winchi ya mnyororo katikati. Tukainua kichwa cha lori, tukatoa rejeta, tukateremsha gia boksi. Majirani wawili walikuja kusaidia kuvuta mnyororo. Injini ilipopanda juu, nzito, inachuruzika oili, mzee aliishika kwa kiganja kimoja isiyumbe akawa anaisemesha, "Taratibu, mama, taratibu." Tulicheka. Tuliiweka juu ya mbao, akaanza kuifungua kipande kimoja kimoja.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimechukua rangi ya kucha ya mke wangu, na kila kipande kilichotolewa nilikipaka nukta nyekundu, ili mzee asije akanibadilishia. Nilifanya hivyo akiwa amenipa mgongo. Aligundua siku ya pili. Akashika fimbo moja ya pistoni, akaigeuza juani, akanitazama.

"Bosi, hivi vyuma vinakwenda harusini?"

Majirani waliangua kicheko. Nikaona haya, na mimi nikiona haya nakuwa mkali. Nikamwambia chuma ni changu, nitakipaka hata wanja. Akasema, "Paka, baba, paka. Hainikwazi." Kisha akaongeza neno moja ambalo nimelikumbuka mara nyingi kuliko maneno yote niliyoambiwa na baba yangu mzazi: "Ila nakuomba jambo moja. Kwenye injini iliyo wazi, kisiingie kitu ambacho mimi sijakihesabu. Ukitaka kufuta, omba changu. Ukiona vumbi, niite."

Nilijibu ndiyo mzee. Moyoni nikasema, uani kwangu, injini yangu, halafu nipewe amri na mtu niliyemwita mimi. Kile kiburi nakijua mpaka leo kilikaa wapi kifuani.

Ilikuwa Septemba, na Septemba upepo wa Mlima Meru ukishuka huku chini hauna adabu. Vumbi letu unalijua, lile laini la kijivu, linaingia hadi ndani ya kabati lililofungwa. Ijumaa ile kazi ilikuwa imefika pazuri: beringi mpya zimeshakaa, pistoni zimerudi ndani, sampo, lile bakuli la chini linalokusanya oili, imeshafungwa. Kilichobaki ni kurudisha kichwa cha injini juu. Saa sita mzee akanawa, akafunika injini kwa turubai, akaweka mawe pembeni, akachukua kofia yake kwenye kioo. Anakwenda msikitini Kaloleni, atarudi saa nane.

"Turubai likipeperuka lirudishe tu," akasema. "Usitie kitu."

Hata nusu saa haikupita upepo ukalibeba turubai, mawe na yote, ukalitupa kwenye ua wa jirani. Nilikimbia nikalifuata. Niliporudi nalo nikaona vumbi linazunguka juu ya injini iliyo wazi, na yale matundu yanayoshusha oili chini yamekaa tu, mdomo wazi. Nikapandwa na hofu. Ningelirudisha turubai nikalikalia, basi, yangeisha. Lakini mimi nilijiona na akili kuliko mwenye kazi. Nikaingia jikoni, nikachukua vipande vya pazia letu la zamani ambavyo mke wangu alikuwa amevikata vya kushikia sufuria, bluu vyenye maua meupe, nikavisokomeza kwenye matundu. Kimoja nilikisukuma kwa kidole mpaka kikazama, kishike vizuri. Kisha nikafunika turubai, nikarudi kwenye kigoda changu, nimeridhika, najisifu.

Mzee aliwahi kurudi. Nilisikia salamu yake getini, na badala ya kumwambia nilichofanya nilishikwa na woga wa mtoto aliyekatazwa sukari akailamba. Nikainua turubai upesi, nikavichomoa vile vipande, nikavitia mfukoni. Vitatu. Na palepale, mkono ukiwa bado mfukoni, nikajiuliza: vilikuwa vitatu au vinne? Sikujua. Sikuhesabu.

"Kuna mtu amegusa hapa?" mzee akauliza, maana turubai lilikuwa limekaa tofauti.

"Nani aguse, mzee? Nimekaa hapa kama mlinzi wa benki."

Akaniangalia kidogo. Akavitandaza vitambaa vyake. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Nilimsikia akihesabu, na kila namba ilikuwa nafasi ya mimi kufungua mdomo. Tano zote zilipita. Akasema bismillahi, akaweka gasketi, akakalisha kichwa cha injini juu yake, akaanza kukaza bolti kwa mpangilio wake. Nikajiambia vilikuwa vitatu. Mpaka jioni nilikuwa nimeshajiaminisha.

Injini ilirudi ndani ya lori siku nne baadaye, kwa miti ileile na mnyororo uleule. Ikawaka kwa jaribio la kwanza kabisa. Mke wangu alipiga vigelegele, majirani wakaja kusikia, na mzee akaweka kiganja juu ya chuma akasikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Kitu kimoja tu kilimsumbua, taa ya oili, ile ya kuonya oili isipopanda. Ilikuwa imekufa tangu nilinunue lile lori. "Itengenezwe kabla hujabeba mzigo," akasema. Nikamwambia tutaona. Unajua maana ya tutaona.

Safari ya kwanza ya Nduruma, salama. Ya pili, salama. Ya tatu, natoka na vitunguu vimejaa hadi juu, injini ikaanza kugonga, ko ko ko, kisha ikakaza ghafla lori likasimama katikati ya barabara. Imenoki. Sikungoja hata kuvutwa. Nilitoa simu palepale kando ya mashamba nikampigia mzee, sikumpa hata shikamoo.

"Umeniua! Kama mikono imechoka si ukae nyumbani ulee wajukuu? Umri wa kazi umeisha, mzee, kubali!"

Akasema, "Nakuja, mwanangu." Mwanangu, baada ya matusi yale.

Lori lilivutwa hadi nyumbani. Kwa hasira sikumsubiri. Nikamwita fundi mwingine wa mtaani, mtu wa maneno mengi, akalala chini ya lori akafungua sampo. Majirani walikuwa wamejaa. Akaingiza mkono kwenye chujio la oili, akavuta, akatoka na kitu cheusi kinachochuruzika.

"Jamani! Mzee kaacha tambara ndani!"

Kicheko kilivyopigwa pale uani nakisikia hadi sasa. Nilichukua kile kitambaa nikakikamua. Oili ikashuka, na kwenye kona moja ua jeupe likatokeza juu ya bluu. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe mkononi. Alisema polepole, "Si pazia letu hili?" Nikamgeukia nikamwambia kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuitumia kwake kabla wala baada ya hapo: "Nyamaza." Akanyamaza. Nikakitupa kile kitambaa chini, kikalala kwenye oili, ua likageuka jeusi.

Mzee alifika kwa bodaboda, kofia mkononi. Alichuchumaa akakiinua, akakinusa hata, akavuta boksi lake akatoa vitambaa vyake.

"Hiki si changu. Vyangu ni vitano, vyekundu. Hivi hapa vyote."

"Kwa hiyo kimeingia chenyewe?" yule fundi mwingine akauliza. "Kimepita hapa kikaona mlango wazi?"

Watu wakacheka tena. Mzee hakuwajali. Alinitazama mimi. "Wewe ulikuwepo muda wote. Ulisimamia kila nati. Kitambaa hiki ulikiona?"

Watu walikuwa wengi. Nilikuwa nimeshamtukana kwa simu, nimeshaeleza mtaa mzima kwamba mzee kaniharibia. Ningegeukaje? Nikasema, "Mzee, mimi si fundi. Nitajuaje?"

Macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwenye vile vitambaa. Akavihesabu tena, bila sauti, midomo tu ikicheza. Akavihesabu mara ya pili. Hapo ndipo nilipoona kitu kikivunjika ndani ya mtu mzima, na aliyekivunja ni mimi, nimesimama na mikono kiunoni.

"Basi ni uzee," akasema.

Aliirudia kazi yote bure. Ndiyo, bure, wiki tatu, kwa kosa langu. Miti ikasimamishwa tena, injini ikashuka tena, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikapelekwa kuchongwa, akakesha na kila kitu kana kwamba anaomba msamaha kwa vyuma. Hakutania tena. Zile nukta zangu za rangi ya kucha zilikuwa bado zipo, lakini hakusema neno la harusi. Mke wangu alimletea chai kila saa, na chai yangu aliiweka chini karibu na kigoda bila kuniangalia usoni. Siku ya kufunga kichwa cha injini, mzee alivitandaza vile vitano, akahesabu, akasita, akahesabu tena. Kisha akaniita.

"Njoo unihesabie wewe. Macho yangu siyaamini."

Nikaenda. Nikainama mbele ya yule mzee nikahesabu kwa sauti, kimoja mpaka vitano, naye ananisikiliza kwa utii kama mwanafunzi. "Vitano, mzee," nikasema. Akasema ahsante. Nilikwenda nyuma ya choo nikajifanya natafuta kamba. Hata hapo sikusema. Nilijipa ahadi kwamba nitasema siku ile ya kuwasha. Siku ya kuwasha nikasema nitasema baada ya Krismasi.

Habari ikatembea. Arusha ni kubwa lakini ya mafundi ni ndogo. Mzee kaacha tambara kwenye injini. Aliyekuwa na kazi ya kumpa akampa mwingine. Baada ya muda nikasikia amewagawia wenzake spana zake. Nikakutana na mkewe pale Kaloleni, nimekwenda kununua tairi. Nikamwamkia, akaitika, akanieleza ya nyumbani bila hata kumuuliza, maana aliniona mtu wa karibu.

"Mzee wako siku hizi anahesabu kila kitu, mwanangu. Analala, anaamka kuhesabu kama milango imefungwa. Sukari kwenye chai anahesabu, anasahau, anamwaga anaanza upya. Jiko la gesi nimemkataza, funguo za nyumba nimezichukua nakaa nazo mimi. Ananiuliza, hivi mama, nimeanza lini kuwa hivi?"

Nikamwambia, "Pole, mama." Hilo tu ndilo lililotoka. Pole, mama.

Nikaishi hivyo miaka minne. Watu husema unazoea. Hakuna kuzoea. Vile vipande vya pazia vilivyobaki mke wangu hakuvitupa. Kila siku alishikia sufuria kwa kimoja, bluu, maua meupe, akaiweka mezani mbele yangu. Niliwahi kumwambia nunua vishikio vipya, akasema, "Hivi bado vinafaa."

Lori ndilo lililonifikisha mwisho. Mgongo ulinisumbua nikaamua kuliuza. Mnunuzi akaja na fundi wake, lakini mwenyewe ndiye aliyelisikiliza dakika kumi, akaweka kiganja juu ya injini, vilevile, macho amefumba. Akauliza, "Hii aliifunga nani?"

"Mzee mmoja wa Kaloleni."

"Huyo ni fundi, bwana! Miaka mingapi?"

"Minne."

"Na haijaguswa? Nipeleke kwake. Nina injini mbili zimelala."

"Ameacha kazi," nikasema.

"Kwa nini?"

Neno lilikuja mdomoni lenyewe, lile la siku zote, uzee, na likakataa kutoka. Nilisimama pale mbele ya mtu nisiyemjua, mtu mzima mwenye wajukuu, machozi yananitoka, naye akadhani nalilia lori.

Asubuhi yake nilichukua kimoja cha vile vishikio vya sufuria nikakitia mfukoni. Mke wangu aliniona. Akanitolea shati safi.

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi barazani, kofia kichwani, mikono juu ya magoti, haifanyi chochote. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba, karibu," akasogea nikae. Sikukaa. Nilitoa kile kitambaa nikamwekea gotini, nikamweleza yote: upepo, turubai, pazia, mfuko wangu, ule uongo wa mlinzi wa benki, na siku ile mbele ya watu. Nilisema haraka, nikasema vibaya, nikarudia mengine mara mbili. Nilitegemea anipige au alie. Alikuwa anakipapasa kile kitambaa kwa kidole gumba.

"Tundu lipi?" akauliza.

"La nyuma, mzee. Kushoto."

Akafumba macho. Mkono wake ukainuka hewani ukaanza kwenda, polepole, unapita juu ya kitu ambacho yeye alikiona, silinda kwa silinda, mpaka nyuma, kushoto. Ukasimama hapo.

"Kwa hiyo nilihesabu sawa," akasema.

"Ulihesabu sawa, mzee."

"Siku ile. Nilihesabu sawa."

"Sawa kabisa."

Akafumbua macho akaita ndani, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu enzi za harusi ya vyuma. "Mama! Hebu njoo usikie!" Mkewe akatoka, anafuta mikono, akaniona akaanza kutabasamu. Mzee akanielekezea kidole. "Mwambie."

Nikamwambia. Lile tabasamu nililiangalia likizimika. Alipoelewa hakupiga kelele. Alisema, "Rudia," nikarudia. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nimeyapanga maneno njia nzima kutoka Daraja Mbili, na nilipoyafungua yeye alikuwa ameshanipa mgongo anaingia ndani. Nikabaki nimesimama pale barazani, na katika nyumba ile ambayo hata mpita njia hupewa chai, hakuna aliyesema habari ya chai.

Alitoka na shada la funguo. Akapita mbele yangu kana kwamba nilikuwa nguzo, akaziweka kwenye kiganja cha mumewe, juu ya kile kitambaa cha bluu, akakaa karibu naye kwenye benchi.

Mzee akazihesabu kwa sauti. Nne. Nikasubiri arudie, na mkewe naye alikuwa anasubiri, nilimwona. Hakurudia. Alizitia mfukoni, akanirudishia kitambaa changu.